Bolti za Mumeo kwenye Mti wa Baba

Karakana ya Seremala,
Nyuma ya Stoo ya Mbao,
S.L.P. 114.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, na za wifi yako ambaye amesimama nyuma ya kiti akinichungulia begani kuona naandika nini. U hali gani mdogo wangu? Miguu bado inavimba kwa kusimama wodini kutwa nzima? Na yule msimamizi wenu mkali, ameshakuzoea au bado anakupangia zamu kama mtu anayelipiza kisasi? Kula vizuri. Ukija huku umekonda, mama atatulaumu sisi tuliokuacha uende.

Sisi hatujambo. Watoto wazima, mama mzima, karakana inakwenda. Baba naye ni mzima. Tena ni mzima kupita kiasi, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Najua mumeo ameshakusimulia kwa simu. Nasikia ulicheka, ukamsifu, ukamwambia eti Mungu alikupa mume akampa baba mtoto. Sawa. Yeye ana simu, mimi nina barua, na kwenye barua hakuna wa kunikatiza. Nitakueleza mambo yalivyokuwa, halafu useme kama mimi ndiye mwenye roho mbaya kama mama anavyodai.

Unalikumbuka dungu la baba, lile jukwaa lake la kuvizia, juu ya mkuyu wa mpakani, pale nguruwe mwitu wanapoingilia kwenye viazi vyetu. Nguruwe hatazami juu, ndiyo maana baba hajawahi kuwawinda akiwa chini. Unakumbuka pia ni nani aliyekuwa akimpandisha. Ngazi nilichonga mimi, nilibeba mimi, niliishikilia mimi. Baba alikuwa akipanda na gobore lake mgongoni, akifika juu anapiga mluzi mmoja, nami naiondoa ngazi naificha vichakani. Kwenye kazi hiyo sikuwa na mwenzangu. Wewe ulikuwa ukilia unataka kuja, unaambiwa bado mdogo.

Magoti ya baba yalipoanza kugoma, ngazi yangu ikawa ndefu ghafla. Akajaribu, akaishia katikati, akashuka. Gobore likatundikwa ukutani na baba akahamia barazani na redio yake. Nilimchongea kiti cha kupumzikia, wewe umekiona, kile chenye mikono mipana na mgongo wa kulala. Kila aliyepita alikisifu. Nami nikaona nimefanya alichopaswa kufanya mtoto.

Sasa tangu uondoke, mumeo anakaa kile chumba cha uani. Sina neno na hilo. Kibanda chake cha kuchomelea vyuma kiko karibu, na haifai baba na mama walale peke yao. Lakini mtu akikaa karibu anajifanya wa karibu. Asubuhi utamkuta yuko barazani na baba. Jioni utamkuta yuko barazani na baba. Mimi nikija na habari zangu, nakuta tayari wameshaanza kucheka, na mtu anayekuta kicheko katikati huwa hana pa kukishikia.

Siku moja Cheche akaja karakana kwangu. (Mumeo mimi namwita Cheche kama wanavyomwita wote, hata mbele yako sitabadilisha.) Akaniambia, “Shemeji, niazime ile keekee yako ya mkono, yenye ncha ndefu.” Nikamuuliza ya kazi gani. “Kakazi kadogo tu,” akasema. Nikadhani anataka kutoboa mlango wa chumba chake. Nikampa kwa mkono wangu huu huu ninaoandikia. Alipoirudisha ilikuwa imefutwa na kupakwa mafuta, na hata hilo la kuirudisha ikiwa safi lilinikera, maana sikupata cha kulalamikia.

Jumamosi iliyofuata nikaitwa mpakani. Nimefika nakuta watu: mama, majirani wa mashamba ya pembeni, hata mwenye duka la pembejeo amefunga duka. Na baba amesimama chini ya mkuyu amevaa viatu. Baba, ambaye barazani alikuwa hata ndala anaziona mzigo.

Nikuelezee hicho alichokifanya mumeo, maana kwa simu najua alijidai mnyenyekevu akasema ni jambo la kawaida. Ametoboa mti kwa keekee yangu, tundu moja moja kwenda juu, kushoto na kulia. Tundu hazikwenda moja kwa moja, zinainama kidogo kuelekea ndani. Humo anasukuma bolti ndefu, nene kama kidole gumba, kwa mkono tu, bila nyundo wala nati. Ukiikanyaga, uzito wako wenyewe ndio unaoikaza. Na kwenye kichwa cha kila bolti amechomelea kipande cha chuma kilichosimama, ili mguu usiteleze ukatoka. Nilizitazama zile bolti nikatafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano kwenye maranda.

Kasoro niliiona. Hatua zilikuwa fupi mno. Mtu mzima angepanda anakanyagakanyaga kama anayecheza. Nikafurahi, nakwambia ukweli, roho yangu ilifunguka. Nikauliza kwa sauti, watu wote wasikie: “Shemeji, hizi hatua ulimpimia nani, bata?”

Watu wakacheka. Cheche alikuwa anazifuta bolti kwa kitambaa. Aliyejibu ni baba. “Alinipimia mimi,” akasema.

Kumbe jioni moja alimkalisha baba kitako, akamwambia ainue goti mpaka pale linapoanza kuuma, akaweka alama, akapima. Goti la kulia linafika juu zaidi ya la kushoto, kwa hiyo hata hatua za kushoto ni fupi kuliko za kulia. Na unajua alimkalisha wapi? Kwenye kiti changu. Kile cha mikono mipana. Nimekaa na baba yangu miaka yote hii, hakuna siku niliyomuuliza goti linaumia likifika wapi.

Basi baba akapanda. Sikutegemea. Alipanda polepole, anapumua kwa sauti, na Cheche nyuma yake, lakini alipanda kama mtu anayekwenda zake chumbani. Alipofika kwenye dungu akapiga ule mluzi wake. Mguu ukataka kwenda kuondoa ngazi, na ngazi haikuwepo. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikapiga makofi, makofi ya mtu aliyeungua vidole.

Wiki ile ile baba akaangusha dume la nguruwe, kubwa, lenye pembe za mdomoni. Majirani wanaokula wakagawana, wasiokula wakashukuru kwa ajili ya viazi vyao. Jioni tukakaa mezani, sote, na baba akamwekea Cheche mkono begani akasema, “Nimepata mtoto wa kiume.”

Mbele yangu, mdogo wangu. Mimi nimekaa pale na kijiko mkononi. Nikasema, “Na mimi je, baba, ni kabati?” Wote wakavunjika mbavu. Baba alicheka kuliko wote, mpaka machozi, akasema mtoto huyu kwa mizaha hajambo. Hakujua kwamba nilikuwa nauliza.

Tangu siku hiyo najikaza kisabuni, nawasalimia, nacheka panapochekwa. Lakini wivu ninao, nao sio mdogo, na sioni haya kukuandikia. Ninaona wivu akimkata baba kucha. Ninaona wivu wakinyamaza pamoja. Juzi Cheche ananiambia, kana kwamba ni habari tunayoijua wote, eti baba alipokuwa kijana alikuwa anaogopa kupanda miti, akajifunza kwa siri asionekane na kaka zake. Nikaitikia “ndiyo, ndiyo” kama naijua. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia. Mtoto wa kuzaa naipata habari ya baba yangu kwa mkwewe!

Sasa kuna jambo ambalo pengine hakukwambia. Wakishuka, Cheche anazichomoa bolti moja moja, anazitia kwenye mfuko wa turubai, anaondoka nazo. Anasema ni kwa usalama, watoto wa watu wasije wakapanda wakaanguka. Labda ni kweli. Lakini maana yake ni kwamba mti wa baba yangu, niliokuwa nikiuegemezea ngazi kabla yeye hajatufahamu, umefungwa, na ufunguo unalala chumba cha uani.

Siku moja walikwenda pamoja kuangalia mabati, nikaenda mpakani peke yangu. Nikakuta tundu tupu zinanitazama. Nikasema alaa, chuma ni kitu gani? Nikarudi karakana nikachagua mbao ngumu, kavu, nikachonga vigingi kwa kipimo cha zile tundu. Kazi safi, kila kimoja kinaingia kwa kugonga kidogo na kukaa kama kimeota pale. Nikapanda. Hatua fupi zilinichosha, lakini nilifika.

Juu kule nilikuta magunia mawili ya kukalia, yamekunjwa, yamewekwa bega kwa bega. Nikakaa kwenye moja. Sijui lilikuwa la nani. Nilikaa mpaka wingu likakusanyika, mvua ikaanza na mimi nikashuka mbio bila kung'oa vigingi, nikijiambia nitavirudia kesho. Ikanyesha kutwa, ikanyesha na usiku.

Mimi ni seremala. Kila siku nawaambia wateja wasiweke milango yao nje, mbao inakunywa maji, inavimba. Nimeyasema hayo mpaka wanangu wanayaimba. Na ni mimi huyo huyo niliyepigilia mbao kavu kwenye mti mbichi nikaiachia mvua! Asubuhi baba na Cheche wamefika na mfuko wao wa bolti, wanakuta mti umeota meno ya mbao, yamekaza, hayatoki kwa mkono wala kwa koleo. Cheche akajaribu kukanyaga kimoja, mguu ukateleza. Hakumruhusu baba ajaribu. Basi wakasimama chini, na nguruwe wakaja, wakala viazi mchana kweupe, baba anawatazama na gobore begani.

Nikaitwa. Nikaja na keekee. Nikashinda asubuhi nzima natoboa vigingi vyangu mwenyewe, nimening'inia kwa kamba kama tumbili. Cheche alikuwa ananishikia kamba. Hakusema hata nusu neno la kejeli. Akaniletea maji ya kunywa, akayashika mpaka nikashuka. Laiti angenitukana! Ningelala usingizi mzuri siku ile. Baba alisema jambo moja tu: “Kama ulitaka kupanda, si ungesema.”

Mama naye jioni akaniita jikoni, akafunga mlango. “Hako kawivu kako,” akaniambia, “ulikuwa nako tangu huyu mdogo wako alipozaliwa. Ulitaka arudishwe hospitali.” Nikamwambia hilo lilikuwa wazo zuri, maana usingezaliwa usingetuletea Cheche. Akanipiga na mwiko.

Wifi yako ananigusa bega, anasema nimejaza karatasi kwa malalamiko na salamu sijaziandika. Basi: shangazi mwenye cherehani anakusalimu na anauliza kama sare ulizoshonewa bado zinakutosha. Mama anakusalimu, anasema unywe maji ya moto. Mtoto wangu mkubwa anakusalimu, amepoteza jino la mbele na anajivunia. Nawe nisalimie yule rafiki yako unayekaa naye chumba kimoja, anayekufundisha kuendesha baiskeli. Wifi yako anakukumbatia. Sasa amechukua kikapu ametoka kwenda dukani, kwa hiyo naweza kukuandikia la jana, ambalo hata yeye sijamwambia.

Mumeo amepata kazi ya mageti mji wa pili, najua unajua. Kabla ya kuondoka alikuja karakana na ule mfuko wa turubai akauweka juu ya benchi langu. “Shemeji, baba asikae chini wakati sipo,” akasema. Kisha akanipa maagizo. Kupanda hakuna shida, ila kushuka baba hawezi kutazama chini, shingo imekakamaa na anaukumbatia mti kwa kifua chote. Mguu wake unaitafuta bolti hauioni. Kwa hiyo mimi nitangulie, nimshike kisigino, nimuwekee mguu mahali pake. Nikamjibu kwamba mguu wa baba yangu naujua. Akasema, “Najua, kaka,” akaenda zake.

Jana alfajiri tulipanda, baba na mimi. Nilizisukuma bolti mwenyewe, zikaingia kwa mlio ule mdogo wa chuma na mti. Tukakaa kwenye yale magunia. Nilikuwa na furaha ya mtoto, nikangoja baba aniambie jambo, lolote, hata lile la kuogopa miti angelirudia ningejifanya sijawahi kulisikia. Yeye akawa anatazama viazi tu. Halafu akaniuliza, “Cheche alisema atarudi lini?” Nikamwambia sijui. Baadaye kidogo akaniuliza kama huko alikokwenda ana mahali pazuri pa kulala. Nguruwe hawakuja. Hata wao nadhani waliona aliyekuja siye.

Jua lilipopanda tukashuka. Nilitangulia mimi, nikasimama imara, nikanyoosha mkono nikamshika baba kisigino. Mdogo wangu, sikumbuki kama niliwahi kumshika baba mguu. Mimi na yeye tumeshikana mikono tu, asubuhi na jioni, kama watu wa ofisini. Kisigino chake kimepasuka upande mmoja, upande wa pili ni laini, nacho kilikuwa kinatetemeka. Nilijua anaogopa. Nikakiongoza mpaka kwenye bolti nikakikalisha. Akashusha uzito wake, akapumua, akasema huku shavu limelala kwenye mti:

“Asante, Cheche.”

Nakuambia kweli, kwa kitambo kidogo nilitaka kuuacha mguu wa pili utafute wenyewe, ajue tofauti. Lakini niliushika. Nikauweka. Nikashuka bolti moja, nikaushika tena ule wa kwanza. Tulikwenda hivyo mpaka tukawa karibu na chini. Ndipo aliposema, bado hanioni:

“Najua ni wewe. Ulimi tu umezoea.”

Nimeshinda na neno hilo tangu jana, hata randa imenikwaruza kidole. Kama ulimi umezoea, basi ulizoeshwa. Na kama mikono ya mwingine iliuzoesha, mimi pia nina mikono. Kwa hiyo ukiongea na mumeo mwambie afanye yale mageti taratibu, ayapake rangi mara mbili, asiharakishe kurudi. Kesho alfajiri tunapanda tena, na nitamshika baba mguu kila tunaposhuka, mpaka huo ulimi uchoke kukosea.

Mwenyezi Mungu akutangulie kwenye kila zamu, akulinde wewe na wagonjwa wako.

Wako akupendaye,
Kaka yako mkubwa